Mende wa Ghorofani na Gunia la Michembe

Juzi alinijia binti mmoja anayetunza nyumba ya kupangisha hapa Nyahanga. Macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika, na mkononi ameshika kopo la dawa ya kupuliza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuwaje?"

"Nilikuwa nawapiga mende dawa."

"Wamekufa?"

"Wamekimbia, babu."

"Na wewe unakohoa."

"Ndiyo, babu."

"Basi mpaka hapo mende anaongoza."

Tukacheka. Akanywa maji, akanawa uso, tukazungumza mpaka jua likapungua ukali. Alipoondoka nikaona kwamba yale niliyomweleza yeye peke yake yangefaa pia kuwafikia ninyi wengine mnaoshika ufagio na funguo za majengo ya watu. Kazi yenu ni nzuri. Msikubali mtu awaambie ni kazi ya waliokosa kazi. Jengo lenye watu wengi ni kama mwili. Mkono mmoja ukiwa mchafu, mdomo ndio unaougua.

Mimi kazi hii niliianzia machimboni, upande wa Geita, kabla sijahamia Shinyanga mjini. Nilikuwa mfagizi kwenye majengo marefu ya wachimbaji wa dhahabu, vyumba vimepangana mgongo kwa mgongo, jikoni moja, bomba moja, na mende wasio na idadi. Aliyenifundisha ni Mzee Lubango, Msumbwa mfupi aliyekuwa msimamizi wa jikoni. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alichukua kitambaa akalifuta lile bomba mpaka likawa kavu, akafuta na sakafu chini yake. Wachimbaji walimcheka sana.

"Mzee, leo bomba limetoka jasho?"

"Limetoka," anajibu. "Limefanya kazi kuliko wewe."

Siku moja nilimwuliza kwa nini hahangaiki kwanza na makombo ya ugali yaliyotapakaa. Akaniambia, "Makombo nayo tutayafuata. Lakini mende anaweza kufunga chakula kama mtu wa dini. Maji hawezi kuyafunga. Usimwulize mende ametoka wapi. Mwulize anakunywa wapi."

Maneno hayo nimeyatumia maisha yangu yote. Ukiingia kwenye chumba chenye mende, usianze kupiga. Piga magoti kwanza. Tafuta unyevu: chini ya mtungi, nyuma ya bomba, kwenye tambara la kuoshea vyombo lililoachwa limelowa. Kisha tafuta kinyesi chake, chembe nyeusi kama majani ya chai yaliyomwagika. Zikiwa nyingi mahali pamoja, hapo ndipo kwake. Ukikuta na vijifuko vya mayai, vya kahawia, mfano wa harage dogo, viokote vyote uvitupe motoni. Ukiua mende ukamwachia mayai yake, umemwua baba ukawaachia watoto nyumba.

Mzee Lubango ndiye aliyenifundisha pia mtego wa chupa. Chukua chupa ya mdomo mpana, izungushie kitambaa kwa nje ili mende apate pa kushika miguu, paka samli kwa ndani karibu na mdomo, halafu tia chini kipande cha mkate kilicholoweshwa machicha ya pombe. Mende akisikia harufu hiyo hapiti. Anapanda, anachungulia, anateleza, na kutoka hawezi. Mtego huo ulitufaa sana, isipokuwa asubuhi moja tulikuta chupa haina mende, haina mkate, wala haina pombe. Mzee Lubango hakumwuliza mtu. Alikaa mlangoni akiwatazama wachimbaji mmoja mmoja wakielekea chooni, na yule aliyekwenda mara nyingi kuliko wenzake akamwambia kwa upole, "Kesho ukitaka pombe, niombe. Ile ilikuwa ya mende."

Sasa niwapeleke Shinyanga, kwenye jengo ninalotaka kuwaeleza hasa.

Lilikuwa jengo la ghorofa moja, si mbali na stesheni. Miaka ile, hamsini na kitu, ghorofa kwetu ilikuwa jambo la kuonyeshana kwa kidole. Juu kulikuwa na vyumba vya wapangaji vilivyozunguka baraza: watu wa reli, karani wa pamba na mke wake, vibarua wa jineri, yaani kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Chini, mbele, yalikuwa maduka, na kwa nyuma, kwenye ua, ilikuwa hoteli ya chai ya Mama Tatu. Mimi nilikuwa mtunza jengo. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwangu, nikitembea nasikika kama ng'ombe mwenye kengele.

Mama Tatu alikuwa Mzaramo. Mumewe alikuwa mtu wa reli, akafia huku, naye akabaki na binti yake Tatu na majiko yake mawili. Chai yake ilikuwa na tangawizi, maandazi yake yalikuwa na iliki, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Hoteli ile ndiyo iliyomlisha yeye na mtoto. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, na ndugu zake wote walikuwa mwisho wa reli, Pwani.

Asubuhi moja bwana afya aliingia kukagua. Akaomba chai. Akafungua bakuli la sukari, na ndani ya sukari alikuwamo mende, ametulia kama mwenye duka. Bwana afya hakupiga kelele. Alifunika bakuli, akasema, "Mama, mimi nakwenda safari ya Kahama. Nikirudi nikamkuta huyu au ndugu yake yeyote, nafunga mlango huu. Sitaki kuufunga. Lakini nitaufunga."

Mama Tatu alinijia uani. Ulimi wenye pilipili siku hiyo ulikuwa umekauka.

"Baba, wanashuka kutoka juu. Kila siku nasafisha, kila siku wanashuka. Nifanye nini?"

Mwenye nyumba alitaka kumwita mtu wa pampu apulize ile poda nyeupe ya kuua wadudu iliyokuwa sifa ya zama zile. Nikamwomba asubiri, kwa sababu tulikwisha kuijaribu. Mara ya kwanza mtu wa pampu alipuliza jengo zima mpaka likawa kama limepakwa unga wa mahindi. Akafa paka wa karani. Wakafa kuku wa Mama Tatu. Chai ikawa na ladha ya stoo. Mende nao walihamia jengo la jirani, na poda ilipofifia wakarudi kwa amani kama watumishi waliotoka likizo. Na jikoni mwa Mama Tatu kulikuwa na mtoto anayetambaza mikono kila mahali. Mwenye nyumba akakubali, ila akasema, "Bwana afya akifunga, usiniangalie mimi."

Basi nikaanza kama nilivyofundishwa. Nikaziba bomba lililovuja. Nikamwambia kila mpangaji akaushe maji, afunike chakula, atoe takataka kabla ya giza. Nikawaambia pia wazibe nyufa zote za kuta na matundu yanapopita mabomba. Hapo ndipo mambo yalipopotea njia, maana sikueleza wazibe kwa kitu gani. Nilikuwa nawaza udongo uliokandwa na chokaa. Wenzangu waliwaza pamba.

Msiwacheke upesi. Huku kwetu miaka ile pamba ilikuwa jibu la kila swali. Mto ni pamba, godoro ni pamba, utambi wa taa ni pamba, sikio la mtoto likiuma ni pamba. Na katika vyumba vya juu aliishi Masanja, kijana Msukuma wa jineri, mrefu, mkarimu, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Masanja alileta furushi zima la pamba chafu, ile yenye mbegu, akawagawia wapangaji wote bure. Wakashindilia kila ufa kwa bidii ambayo sijaiona tena.

Niliporudi kukagua nikachomoa kipande kimoja ukutani. Mende walikuwa wamejipanga ndani, wamejifunika, mbegu za kula wanazo pembeni.

Mama Tatu alichungulia juu ya bega langu, akamgeukia Masanja. "Wewe Msukuma! Mende umewapa godoro, na mimi mwenyewe nalalia mkeka!"

"Mzaramo, nimewahurumia. Kwako wanalala njaa."

Hapa lazima niwaeleze wale msiokulia kwenye mambo haya. Wasukuma na Wazaramo ni watani. Asili yake ni ya zamani, tangu wazee wa bara walipokuwa wakiteremka Pwani na mizigo ya pembe za ndovu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukunyang'anya kofia, anaweza kuingia kwako akabeba kuku wako akaenda naye. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe, si yeye. Mimi ni Mzinza wa upande wa Buseresere, sikuwa na utani na Masanja, na hilo lilikuwa na maana yake, kama mtakavyoona.

Tulitoa pamba yote tukaichoma. Safari hii nilikanda udongo na chokaa mwenyewe, nikaweka mtego wa chupa kila chumba nilichofunguliwa, ili chupa zenyewe ziniambie mende wanatoka wapi. Na hili likumbukeni: chupa ndiyo jicho lako. Chupa yenye mende wengi iko karibu na kwao. Vyumba vingi chupa zilikuwa na mende wachache tu. Ya Mama Tatu, karibu na bomba linalopanda juu, ilijaa mpaka mdomoni. Na bomba hilo lilitokea moja kwa moja chumbani kwa Masanja, chumba pekee nilichokuwa sijaingia.

Nilikuwa nimekwisha kugonga mara kadhaa. Kila mara Masanja alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua.

"Mwangaluka, ng'wanawane," namwambia. Kisukuma changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kumwamkia mwanangu asubuhi niliweza.

"Mwangaluka baba. Chumba changu kisafi."

"Niweke chupa tu."

"Niachie hapa mlangoni. Nitaiweka."

Ufunguo nilikuwa nao kiunoni. Lakini, vijana wangu, ufunguo wa chumba cha mtu si ruhusa ya kuingia. Ukiingia kwa nguvu mara moja, wapangaji wote watakuficha vyumba vyao, na mtunza jengo asiyeaminiwa hata ufa mmoja haonyeshwi. Nikashuka kwa Mama Tatu, nikamweleza kwamba adui anatoka kwa Masanja na mimi sina njia ya kuingia.

Akavua aproni. "Wewe huna njia. Mimi ninayo."

Alipanda ngazi mchana kweupe, wapangaji wote wako barazani. Masanja alikuwa amesimama mlangoni anafunga vifungo vya shati.

"Mtumwa wangu, sogea nipite."

"Mzaramo, hapa si Pwani. Huku hatuingii kwa watu kama upepo."

"Babu yako alipofika kwetu na pembe kichwani alilala kwetu, akala nazi zetu, asubuhi akaondoka bila kuaga. Nimekuja kuaga kwa niaba yake. Sogea."

Watu walikuwa wameanza kucheka. Masanja alitazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Mimi nilikuwa natazama dari. Akasogea.

Tukasikia kitanda kikiburuzwa. Halafu Mama Tatu akatoka kinyumenyume, anavuta gunia kubwa, na nyuma ya gunia hilo kamba imeshika gunia jingine kuukuu.

"Mama Tatu," akasema Masanja, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Hicho ni chakula cha mama yangu."

Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, chakula kinachovusha nyumba ya Msukuma miezi ya ukame. Mama yake alikuwa anamtumia gunia kila mavuno. Masanja hakuweza kuipika ghorofani, kwa sababu siku ya kwanza alipoipika mke wa karani aliuliza nani anachemsha vibanzi vya kuni. Wala hakuweza kuitupa, maana mama yake alikuwa ameikata kwa mkono wake. Basi aliisukuma chini ya kitanda, na gunia la mwaka huu likakaa juu ya gunia la mwaka jana, na mende wakapata ghala, nyumba na uzazi.

Mama Tatu alikuwa bado hajayajua hayo. Alilivuta gunia mpaka ngazini. Gunia kuukuu likanasa kwenye msumari, likapasuka, na mende wakamwagika ngazini kama maji ya mvua.

"Mayu wane!" alipiga kelele Masanja, akimwita mama yake.

Mke wa karani akapanda juu ya kiti. Karani naye akapanda juu ya kiti hichohicho. Watu wa reli wakakanyaga ovyo wanachokiona. Lakini waliotuokoa ni kuku. Mama Tatu alikuwa amekwisha kupata wengine, na walikuja mbio kutoka uani, shingo mbele, kama abiria waliosikia filimbi ya treni. Nimeona kuku wakila, lakini sijapata kuona kuku wakichagua, wakiacha mende wadogo wakifuata wanono. Angekuwa mende mwenye poda, tungezika kuku tena siku ile.

Vumbi lilipotulia, Mama Tatu aliinama akaokota kipande kimoja cha michembe kutoka gunia jipya. Akakigeuza. Akakinusa. Sote tulimngoja aseme neno la kumwangamiza Masanja.

"Kimekatwa chembamba," akasema. "Mama yako ana mkono. Mimi hata kitunguu sikikati hivi." Kisha akampiga Masanja kofi la mgongo. "Mjinga wewe! Chakula cha mama kinafichwa chini ya kitanda kama soksi?"

Gunia la mwaka jana lilikuwa limekwisha kuwa unga na mayai ya mende, tulilichoma lote. La mwaka huu tulilipepeta, tukaanika juu ya mabati siku kadhaa, na jua la Shinyanga mnalijua. Joto kama lile hakuna yai la mende linalolivumilia. Michembe iliyobaki tuliitia kwenye madebe yenye vifuniko vya kubana. Nawaambieni, debe lenye kifuniko limeua mende wengi kuliko dawa zote nilizowahi kuziona.

Kisha tukamaliza kazi, jengo zima siku moja. Siku moja ndiyo siri yenyewe. Ukisafisha chumba leo na kingine wiki ijayo, unawahamisha tu mende kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Tulisugua kwa maji ya moto. Tukaziba kwa udongo na chokaa. Nyuma ya majiko na kwenye mianya isiyozibika tulinyunyiza majivu makavu yaliyochekechwa, kidogo kidogo, membamba kama vumbi. Ukiweka lundo, mende analizunguka. Ukiweka utando, anapita juu yake, majivu yanamkausha. Mende aliyejitokeza wazi tulimmwagia maji ya sabuni. Masanja aliongoza ghorofa ya juu, na karani mwenyewe nilimwona amepiga magoti na tochi, amesahau suruali yake nyeupe.

Mama Tatu alianza kupika michembe kwa karanga asubuhi, pembeni mwa maandazi. Mke wa karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba aongezewe. Hakuna aliyemkumbusha habari za kuni. Chupa zangu zikaendelea kuniambia habari njema: leo mende wachache, kesho mmoja, halafu pombe tupu inachacha peke yake.

Bwana afya akarudi kutoka Kahama.

Hakusalimu sana. Alifungua bakuli la sukari, akafungua kabati, akanusa matambara, akapiga magoti kwenye bomba. Mama Tatu alisimama kando, amembana Tatu kifuani. Mimi nilikuwa mlangoni na Masanja, na wapangaji walikuwa wamejaa uani wakijifanya wanaanika nguo. Bwana afya akaingiza mkono nyuma ya jiko la pili. Akautoa polepole. Kati ya vidole viwili alikuwa ameshika mende.

Amekauka. Miguu juu. Mweupe kwa majivu.

Mama Tatu alifumba macho.

Ndipo Masanja alipojitupa chini. Alijilaza kwenye kizingiti, urefu wake wote, akaufunga mlango kwa mwili wake, akaanza kulia kwa sauti iliyosikika stesheni.

"Maiti haitoki! Huyu ni Mzaramo, ndugu yake Mama Tatu, nami ndiye mtani wake! Maiti haitoki hapa mpaka nipewe changu!"

Mnajua watani wanavyofanya msibani: wanalala mbele ya jeneza, wanavaa nguo za marehemu, wanazuia maziko mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Wakati ule hakuna asiyejua. Bwana afya alibaki amesimama, mende mkononi.

"Bwana, inuka. Nipo kazini."

"Na mimi nipo kazini! Wafiwa wako wapi? Mama Tatu, mbona hulii? Ulimchukia ndugu yako?"

Mama Tatu alifumbua macho. Utani hauachwi ukaanguka chini. "Mpeni chai huyo," akasema kwa sauti nyembamba. "Alikuja Pwani na njaa, na njaa hiyo haijaisha."

"Chai bila michembe siitaki! Marehemu aliipenda sana!"

Uani mtu mmoja alipasuka kwa kicheko. Bwana afya aliuma mdomo. Aligeuka ukutani, na nikaona mabega yake yanacheza. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza uso, akamtazama yule mende kavu kwa makini, akampuliza majivu.

"Mimi nilitumwa kutafuta walio hai," akasema. "Wafu si kazi ya idara yangu."

Akamtupa mende motoni. Akamruka Masanja, akaenda bombani kunawa mikono kwa sabuni, akarudi, akavuta kiti.

"Mama, nami nipe chai. Na ile michembe ya marehemu."

Mama Tatu alimmiminia. Mkono mmoja ulikuwa bado umembana Tatu kifuani, na chai nyingi ikaingia kwenye kisahani kuliko kikombeni. Bwana afya aliinua kisahani kwa mikono yote miwili, akanywea hapohapo.